Somo la Pamba na Pini

Mwaka tuliokuwa tukijitayarisha kwa ekzame ya mwisho, yaani mtihani wa uuguzi, Masera, mtawa aliyetufundisha, alikuwa na namna moja tu ya kurudilia masomo. Alitaja ugonjwa, akamwonyesha mmoja wetu kwa chaki, na huyo alipaswa kusimama na kueleza ugonjwa unaingia mwilini kwa mlango gani, unapita njia gani, unaharibu nini, na mwili unajitetea vipi. Dalili zilikuja mwisho. Ukianza na dalili alikukatiza.

"Homa haiko ugonjwa," alisema. "Niambie kwanza ni kitu gani inaleta homa."

Alikuwa mzungu mrefu, mwenye viatu vya mvua karibu mwaka mzima, kwa sababu kwenye milima ya Masisi mvua haikutupa nafasi. Hospitali ya misheni ilikuwa si mbali na Kingi. Darasa letu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya dispansere, zahanati ya misheni, chenye paa la bati, na mvua ilipopiga sana Masera aliacha kusema, akaandika tu ubaoni, nasi tukanakili bila kusikia neno.

Nilitoka Nyamitaba. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, na maziwa yake yaliuzwa kila asubuhi kwa majirani na kwa misheni. Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja alitoka Walikale, kwenye msitu. Baba yake aliwinda kwa nyavu na kulima ndizi. Alipofika mara ya kwanza alitetemeka kwa baridi yetu hata juani, na mimi nilimpa blanketi langu la pili. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Tulirudilia pamoja kila alasiri. Tuligawana magonjwa. Yeye alichukua ya msituni, mimi ya mlimani, kila mmoja akamfundisha mwenzake. Safura, kwa mfano, sikuwa nimeiona kwetu. Yeye aliieleza kama mtu anayefuata nyayo za mnyama. Mnyoo unaingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, unabebwa na damu mpaka mapafuni, unapanda hadi kooni, unamezwa, unashuka, unajishika kwenye utumbo na hapo unabaki kunywa damu. Damu ikiwa nyepesi, moyo lazima uizungushe mara nyingi zaidi ili mwili upate hewa ya kutosha. Ndiyo maana mtu wa safura akipanda kilima kidogo anasikia moyo kifuani kama unataka kutoka.

"Na anakula udongo," alisema. "Shangazi yangu alikula udongo wa kichuguu. Watu walisema iko na pepo. Ilikuwa damu tu."

Mimi nilimweleza homa ya mapafu. Nilimwambia kwamba pafu zima ukilitupa majini linaelea, lakini kipande cha pafu lililougua kinazama, kwa sababu mahali pa hewa pamejaa maji mazito na usaha. Nililiona jambo hilo kwa ndama wa baba aliyekufa kwa kikohozi, kaka yangu alipompasua. Mwenzangu alifikiri kidogo, akasema sasa amelielewa, na sikuhitaji kumweleza tena.

Siku ninayotaka kuisimulia, mvua ilinyesha adhuhuri ikaacha. Masera alituachia somo la ngozi na mishipa ya kusikia, yaani ile mishipa myembamba inayopeleka habari ya maumivu, joto na mguso kichwani. Alitupa pamba, pini, na vichupa viwili vya kioo, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha maji baridi. Tufanye wawili wawili, alisema. Mmoja anafumba macho, mwingine anamgusa mahali mbalimbali, na kila anapoguswa anajibu njo, yaani ndiyo. Ndivyo tulivyotakiwa kumpima mtu anayeshukiwa kuwa na ukoma.

Mwenzangu alianza kuwa mgonjwa. Nilimgusa mikononi, mgongoni, nyuma ya shingo. Alijibu kila mara, na shingoni alicheka. Kisha tukabadilishana. Nilivua shati, nikakaa kwenye benchi karibu na dirisha, nikafumba macho.

"Njo," nilisema. "Njo. Njo."

Halafu kukawa kimya. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati, na mtu akitwanga sombe, majani ya muhogo, jikoni. Nilidhani ameenda kuchukua pini.

"Umeacha?" nilimwuliza.

"Funga macho."

"Nimefunga."

Kimya tena. Halafu alisema, kwa sauti ya chini, "Fungua sasa."

Nilifungua. Alikuwa ameshika pini juu ya kiwiko changu cha kushoto, upande wa nje, palipokuwa na baka lililopauka kidogo kuliko ngozi nyingine. Baka hilo nililifahamu. Lilikuwa pale tangu mvua zilizopita, na kwa kuwa halikuwasha nilidhani ni choa tu kilichokauka. Nilipotazama vizuri niliona halikuwa na vinyweleo. Katikati yake palikuwa na tone dogo la damu, alipochoma. Nililitazama kama picha ya kitabuni.

"Nilikugusa na pamba kwanza," alisema. "Nikarudilia. Halafu pini."

"Sikusikia kitu."

"Ndiyo."

Alichukua vichupa. Vyote viwili vilikuwa sawa kwangu, kioo tu. Akaweka vidole nyuma ya kiwiko, kwenye ule mfereji wa mfupa ambapo mshipa unapita karibu na ngozi, akautafuta. Kisha akachukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye kiwiko chake ili nilinganishe. Wake ulikuwa mwembamba na uliteleza. Wangu ulikuwa mnene na mgumu, kama kamba ya kumfungia ndama.

"Pengine ni kazi," alisema. "Ulibeba kuni wiki ile."

"Sikubeba kuni na kiwiko."

Tulikaa. Jikoni waliacha kutwanga. Nilivaa shati, nikafunga vifungo vyote hadi cha juu. Nilingoja kuogopa, maana nilijua ni wakati wake, lakini hofu haikuja, wala kitu kingine.

"Tuendelee na mapafu?" aliniuliza baadaye.

"Tuendelee."

Tukaendelea na mapafu, halafu na ini, mpaka kengele ya sala ya jioni.

Asubuhi nilikwenda kwa Masera kabla ya darasa. Nilimwambia nina baka lisilosikia. Alinipima mwenyewe, polepole, na alipofika kwenye kiwiko alirudia kugusa mshipa ule mara nyingi kuliko mwenzangu alivyofanya. Kisha alikaa mbele yangu na kusema, "Bon. Haya, niambie."

Nilielewa anataka nini. Nikasimama. Nilisema mlango wake haujulikani vizuri, pengine ni pua, pengine ngozi, kwa kukaa muda mrefu na mgonjwa. Kijidudu chake kinakwenda taratibu kuliko vyote tulivyosoma, kinaweza kukaa miaka bila kuonekana. Kinapenda sehemu za mwili zilizo baridi, ngozi, masikio, mishipa iliyo karibu na nje. Kinaingia ndani ya mshipa, mwili unakuja kupigana nacho mle mle, na katika kupigana mshipa unabanwa na kufa. Mahali pale pakakosa maumivu, jasho, na vinyweleo.

"Na vidole?" aliuliza.

Nilisema ukoma hauli vidole. Mtu asiyesikia anaungua, anajikata, hajui, anaendelea na kazi, kidonda kinaoza mpaka mfupa.

"Ni sawa," alisema Masera. Aliangalia dirisha lililojaa mvuke. "Ni sawa kabisa. Twende kwa Dokta."

Daktari alikuwa mzungu kijana kuliko Masera, na alikuwa na haraka siku zote, lakini siku ile hakufanya haraka. Alinikata kidogo kwenye ncha ya sikio na kwenye baka, akapaka maji ya damu kwenye vioo. Sikioni niliumia. Mkononi nilijua tu kwamba ananisukuma. Aliangalia kwa darubini yake muda mrefu.

"Sioni hata moja," alisema. "Mwili yako inajitetea sana. Ni ile vita njo inaharibu mushipa."

"Basi siwezi kupitishia wengine."

"Kidogo sana. Pengine hapana."

"Basi ninaweza kufanya ekzame."

Alisema sheria haikuandikwa na yeye. Mtu mwenye ukoma hakuruhusiwa kuwa mwanafunzi wala kugusa wagonjwa hospitalini. Kulikuwa na kijiji cha wakoma upande wa Walikale, kwenye msitu, chenye dawa mpya. Ningekwenda huko na kamiyo, lori la hospitali, litakaloteremka na vyakula. Kwanza angeniruhusu kupita nyumbani.

Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru, ila ndivyo tulivyozoea kumaliza mazungumzo naye.

Nyumbani nilifika wakati wa kukamua. Baba alikuwa kwenye boma. Nilimwita kando nikamwambia kwa lugha yetu, bila kuzungusha maneno. Mama alisikia akiwa mlangoni. Hakulia. Aliingia ndani nikasikia vibuyu vikigongana.

Baba alikuwa mtu aliyesikiliza mpaka mwisho. Niliketi naye kwenye nyasi nikamweleza yote kama nilivyomweleza Masera. Nilimwambia kijidudu hiki hakipiti kwenye maziwa, hakipiti kwenye sahani, na kwamba daktari ameangalia kwa darubini hakuona hata kimoja kwangu. Aliitikia kwa kichwa kila nilipofika mahali muhimu.

"Nimeelewa," alisema. "Wewe umesoma, na mimi ninakuamini."

"Basi ninaweza kulala ndani."

"Lakini wale wanaonunua maziwa hawajasoma. Wakisikia mwana wangu mkoma amelala hapa, nani atakunywa? Utalala kwenye kibanda cha majani. Mama yako atakuletea chakula. Na bomani usiingie."

Hakusema kwa ukali. Aliniambia kama anavyopanga ng'ombe yupi aende malisho yapi. Nami niliona kwamba alikuwa na haki kuhusu majirani, na nikaenda kwenye kibanda. Mama alileta maziwa katika kibuyu kipya ambacho hakijawahi kutumiwa. Aliketi mbali kidogo, kama mtu anavyokaa mbele ya mgeni wa heshima, akaniangalia nikinywa.

"Inauma?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Ugonjwa wenyewe ni huo. Hauumi."

"Afadhali," alisema.

Kamiyo lilitupitisha Nyabiondo na kuteremka. Kadiri tulivyoteremka hewa ilikuwa nzito na ya joto, migomba ikawa mikubwa, kisha miti ikafunga pande zote mbili za barabara. Nilikaa nyuma juu ya magunia ya maharagi. Dereva alijua mimi ni nani, na wakati wa kula aliweka chakula changu juu ya jiwe na kurudi nyuma. Mahali barabara ilipoishia nilitembea na mpagazi aliyetangulia mbali.

Kijiji kilikuwa nyumba za udongo katika mistari miwili, na mashamba ya ndizi na mihogo nyuma. Mkubwa wa pale alikuwa infirmie, mwuguzi mzee wa msituni, asiye na ukoma, mwenye mke na watoto waliokaa ng'ambo ya kijito. Alipojua nilisoma karibu mpaka mwisho, alinipa aproni siku ileile.

"Hapa hakuna mwenye kukukataza kugusa wagonjwa," alisema.

Nilichomwa sindano za mafuta mazito mwanzoni, nazo ziliumiza sana mahali palipokuwa bado pazima. Halafu vilikuja vidonge vyeupe, vya kumeza tu. Mchana nilisafisha vidonda. Niliona kwa macho yangu yote niliyokuwa nikiyakariri, na nilishangaa kidogo kwamba masomo yalikuwa ya kweli hivyo. Mtu aliingia na mguu umetobolewa na kisiki, akiongea habari za mke wake. Mwingine alikuja na malengelenge kwenye kiganja na hakujua ameyapata wapi.

Palikuwa na mwanamume mmoja, mjuzi wa kusuka mitego zamani, ambaye mikononi mwake palibaki gumba tu na vipande. Siku moja nilipokuwa nikimfunga bendeji nilimweleza lile somo, kwamba ukoma hauli vidole.

"Basi vyangu vilienda wapi?" aliuliza.

Nilimweleza. Huna maumivu, kwa hiyo unashika sufuria ya moto. Unapata jeraha, hulioni, uchafu unaingia, unafika mfupani, mfupa unakufa na kutoka kidogo kidogo.

Alitazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Kumbe ni mimi nilivichoma," alisema.

Jambo hilo halikuwa kwenye masomo. Nilimaliza kufunga bendeji nikamwambia arudi kesho, akarudi.

Mimi mwenyewe niliungua muda si mrefu baada ya hapo. Nilikuwa nikipika ndizi, nikainua chungu kwa mkono wa kushoto, nikasimama nacho nikiongea na mama mmoja jirani. Alikuwa mjane wa makamo, mgonjwa wa muda mrefu, ambaye alinionyesha mambo mengi ya pale. Nilianza kusikia harufu ya nyama. Nikafikiri mtu amepata nyama, nikataka kuuliza nani. Yule mama alinipiga mkono kwa kijiti na chungu kikaanguka.

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimebadilika rangi. Nilivitazama.

"Sisi hapa tunapika na macho," alisema mama yule. "Unaangalia mukono yako kama ya muntu mwengine. Kila saa unaangalia."

Nilifanya hivyo. Vidole vilipona vikiwa vimekunjika, kwa sababu mshipa wa kiwiko ulikuwa umeshapoteza nguvu za kuvinyoosha, na vimebaki hivyo.

Mwenzangu alifaulu ekzame. Aliomba apelekwe Walikale kwao, wakakubali kwa urahisi kwa kuwa wengi hawakutaka msitu. Kazi yake mojawapo ilikuwa kutuletea vidonge. Mara ya kwanza alipofika alinikuta nikila. Aliketi kitandani karibu nami, akaosha mikono, akaanza kula katika sahani yangu.

"Kuna kiti pale," nilimwambia.

"Nimekiona."

Alimaliza kula, akafungua sanduku lake, akatoa pamba. Aliniambia nifumbe macho. Kila niliposema njo aliacha, kila niliponyamaza alitia nukta ya wino, hadi mpaka wa baka ukaonekana wote kwenye ngozi. Alirudi kila mara na kuchora upya. Kwa muda mrefu halikusogea upande wowote, kisha kidogo kidogo likaanza kupungua.

"Iko inasimama," alisema siku moja. "Sasa, moyo."

"Moyo gani?"

"Muzee mwenye kuvimba miguu. Anashindwa kulala chini, anakaa usiku wote. Anza na mlango."

"Sina ekzame tena."

"Mimi niko na wagonjwa, na hakuna muntu wa kuniuliza. Nitasahau yote. Anza."

Nilianza. Nikasema moyo umechoka, hausukumi damu yote inayofika, kwa hiyo damu inarudi nyuma kama watu kwenye daraja jembamba. Ikirudi nyuma, maji yake yanapenya nje ya mishipa. Mchana mtu amesimama, maji yanashuka miguuni. Akilala, yanarudi kifuani na kujaa mapafuni, anakosa hewa, anaamka na kukaa. Mwenzangu alinisahihisha mahali pamoja, nami nikamsahihisha kuhusu ini. Tukawa tunafanya hivyo kila alipokuja, tukiwa tumeketi nje, watu wakipita na kutusalimia. Watoto wa infirmie mzee walianza kuvuka kijito kutusikiliza, wakidhani ni hadithi.

Daktari alikuja kukagua kijiji msimu wa kiangazi. Alinipima, akanikata tena sikioni na kwenye baka, akasema ugonjwa umelala na kwamba nikimaliza vidonge nitaweza kutoka. Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yake na sanduku.

"Dokta," alisema, "muulize maswali."

"Maswali gani?"

"Ya ekzame. Iko tayari."

Daktari alinitazama, akatazama jua, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliniuliza kuhusu mtoto aliyeachishwa ziwa, ambaye nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba, hataki kucheza. Nilisema mtoto huyo anashiba kwa muhogo na ndizi lakini hapati maziwa, maharagi wala nyama, na mwili hauna cha kujengea. Damu yake imekosa kile kinachoshika maji ndani ya mishipa, na maji yanatoka yanakaa kwenye nyama. Kwa hiyo mama anaona mtoto mnene, kumbe ni maji. Nikasema ngozi yake inabanduka kwa sababu hiyo hiyo, na anakufa kwa kikohozi kidogo au kuhara kidogo kwa kuwa hana cha kujitetea.

Aliuliza mengine. Nikajibu. Mwishoni alisimama, akajipangusa suruali, akasema nimefaulu, na Masera atafurahi. Nilipaswa kufurahi pia. Mwenzangu alifurahi kwa niaba yetu wote wawili. Alinunua kasiksi, tukanywa pombe hiyo ya ndizi na yule mama jirani na yule mwanamume wa mitego, nami nilikaa kati yao nikisikia utamu wa pombe na si zaidi.

Nilipotoka nilipewa dispansere ndogo karibu na Nyabiondo. Watu walitazama vidole vyangu kwanza, halafu walizoea. Nilikuwa nimekaa pale muda wa kutosha kujua nani ana kifua na nani ana mimba, wakati kaka yangu mkubwa alipotokea asubuhi moja, miguu imejaa matope. Alisimama uani bila kuingia.

"Baba ametuacha," alisema. "Tumemzika juzi."

Nilimwambia aingie akae. Nikamwuliza ugonjwa wa Baba ulianza vipi.

"Baridi. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia."

"Alisikia maumivu ubavuni?"

"Wa kulia. Hakuweza kuvuta pumzi."

"Makohozi yalikuwa na rangi gani?"

"Ya kutu." Kaka yangu aliniangalia. "Nimekuambia Baba amekufa. Unaniuliza habari za makohozi?"

"Nimesikia. Mwishoni alipumua namna gani?"

Alitoka nje akasimama karibu na ukuta, akalia huko. Mimi nilibaki nimeketi. Nilikwisha kuona yote, kijidudu kikishuka kwa koromeo, sehemu ya chini ya pafu la kulia ikijaa na kuwa nzito kama ini, moyo ukikimbia, midomo ikibadilika rangi. Dawa yake ilikuwa ndani ya kabati nyuma ya mgongo wangu, chupa kadhaa. Hawakuniita kwa kuwa walidhani ni baridi tu, na njia ilikuwa na matope.

Tulipanda pamoja mpaka nyumbani. Mama alikuwa ndani, ameketi juu ya mkeka na wanawake. Aliwaambia watoke.

"Ni nani?" aliniuliza.

Nilijua anamfikiria jirani mmoja aliyegombana na baba juu ya malisho. Njiani kaka alikuwa ameniambia kwamba watu wameanza kulitaja jina lake, na kwamba vijana wa ukoo walikuwa wakikaa pamoja na kunong'ona.

"Hakuna nani, Mama."

"Mtu mwenye nguvu vile hawezi kuanguka bure."

Niliketi mbele yake. Nilimweleza pole pole, kwa lugha ya nyumbani, na maneno mengine hayakuwepo nikalazimika kuyatafuta. Nilimwambia kijidudu kile kinakaa kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru, na kwamba baridi na uchovu vinakipa nafasi. Niliweka kiganja changu mgongoni mwake, upande wa kulia, chini, nikamwonyesha palipojaa. Nilimwambia kwa nini alitetemeka, kwa nini makohozi yalikuwa vile, kwa nini mwishoni alisema maneno yasiyoeleweka. Aliniuliza kuhusu hayo maneno, kwa kuwa baba alikuwa amelitaja jina la jirani. Nilisema kichwa kilikosa hewa, na kichwa kikikosa hewa kinataja chochote.

Alinyoosha ncha ya mkeka.

"Na kama ungekuwa hapa?"

"Pengine angepona."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akamwita kaka yangu.

"Nenda kamwambie yule mtu aje kwenye kilio," alisema. "Asiogope. Na hao vijana waambie waende kuchota maji, hakuna maji hapa."

Jirani alikuja jioni ile na mke wake. Alikaa karibu na mlango mwanzoni, kisha akasogea. Akasimulia jinsi yeye na baba walivyomfuata ng'ombe aliyepotea walipokuwa vijana, wakamkuta amesimama ndani ya kanisa la majani, na watu wakacheka kidogo. Mimi nilicheka pia, waliponicheka kwa kuchelewa kuelewa. Machozi hayakuja, siku ile wala zilizofuata.

Mwenzangu alipopata habari alipanda kutoka Walikale kuja kunipa pole. Alikuwa amevaa koti kubwa juu ya koti jingine. Tuliketi kwenye baraza ya dispansere.

"Umelia?" aliuliza.

"Bado."

"Inaweza kuchelewa."

"Inaweza."

Hakuniuliza tena. Alikunywa chai, akanyoosha miguu, akaniambia mke wake amezaa mtoto wa kike, na kwamba wamekubaliana mimi niwe mzazi wa ubatizo. Nilimwuliza kama mke wake amekubali kweli, akijua habari za mkono wangu. Alisema wazo lilikuwa la mke.

Nilikwenda mwanzoni mwa kiangazi, kwa kamiyo la wafanyabiashara wa mawese, na dereva alinikalisha mbele. Kanisani mama alinikabidhi mtoto akiwa amelala, akanionyesha namna ya kushika shingo yake. Nilijua, ila nikamwacha anionyeshe. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilimshika mpaka mwisho wa sala, na walipotaka kumchukua niliwaambia bado kidogo.